Kitabu cha Mzee Sura ya Kwanza

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, familia inaomba masikio yenu ili isomwe historia ya baba yetu, babu yetu na mume wa Mama Cherehani, na kabla haijaanza ijulikane kwamba karatasi hii si ile iliyoandaliwa jana na kamati, kwa sababu ile ya kamati ilikuwa na sentensi isemayo "mwaka 2008 marehemu alistaafu, na tangu hapo alipumzika nyumbani", sentensi ambayo mjane aliikataa, watoto wakaikataa, na wajukuu wakaikataa kwa sauti hadi majirani wakadhani msiba umezaa ugomvi, na sababu mtazisikia.

KUZALIWA NA ELIMU

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika chumba cha nyuma kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa wa tatu kati ya watoto sita wa fundi wa kuandika mabango ya maduka na mama aliyefua nguo za watu, na kwa kuwa mchana alilazwa juu ya magunia kando ya mbao zilizokuwa zikikauka rangi, herufi za kwanza kuzijua zilikuwa kubwa kuliko yeye mwenyewe, akawa ameshayaona maneno NYAMA, VIATU na SABUNI kabla ulimi wake haujaweza kutamka hata moja.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956 akamaliza 1963, kisha akasoma sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1967, na alipokuwa kidato cha pili alibandua tangazo la mwalimu mkuu ubaoni, akalisahihisha kwa penseli nyekundu, akalirudisha pale pale, jambo lililomletea fimbo za kumtosha, na wiki iliyofuata akaitwa tena ofisini, akaingia ameshajikaza akidhani kuna fimbo zilizobaki, kumbe mwalimu mkuu alikuwa ameandika tangazo jingine na alitaka lipitiwe kwanza.

KAZI

Tarehe 2 Januari 1968 aliajiriwa na kiwanda cha uchapaji kilichokuwa kwenye mtaa wa maduka ya vipuri, akianza kwa kubeba marobota ya karatasi, na mwaka 1971 akapandishwa kuwa msoma prufu, yaani yule anayesoma karatasi ya majaribio kabla mashine haijaachiwa ichape maelfu, akapewa chumba chini ya ngazi chenye taa ya kuinama na dirisha moja lililotazama mashine kubwa, na mashine ile ikiwaka meza yake ilitetemeka hadi chai ikafanya mawimbi kikombeni, naye akajifunza kuikandamiza kwa kiwiko cha kushoto huku mkono wa kulia ukishika kalamu nyekundu. Humo alisoma kalenda, mitihani, kadi, vitabu vya watu wengine na vibandiko vya chupa za dawa, na alipenda kusema kwamba hajui ameokoa watu wangapi wasinywe vijiko kumi badala ya kimoja, ila hajawahi kusikia yeyote akija kushukuru.

NDOA NA WATOTO

Tarehe 6 Julai 1974, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, na waalikwa wa harusi ile mliopo hapa mtakumbuka kwamba mlikuja kwa kuambiwa kwa mdomo, maana bwana harusi aliisoma prufu ya kadi zake mwenyewe, akairudisha mashineni, akaisoma tena, akairudisha tena, na kadi zikatoka nzuri ajabu, Jumatatu, harusi ikiwa imeshapita, na mkewe alizitumia kuwashia jiko mwezi mzima, akimwambia kila asubuhi, "Njoo usome, kuna moja haijaungua vizuri." Walijaliwa watoto watatu, binti mkubwa ambaye ni muuguzi na vijana wawili, na wajukuu saba.

KITABU

Sehemu hii haikuwamo kwenye mpangilio wa kamati, lakini familia imeiweka hapa kati ya watoto na ugonjwa kwa sababu ndipo ilipokaa katika maisha yake, na anayeona haistahili atuvumilie, tulivyovumilia sisi.

Ilikuwa mwaka 1979, tarehe yenyewe haikuandikwa popote na kwa mtu aliyependa tarehe kama yeye hilo lilimuuma, mwanamke mmoja alirudi kiwandani na boksi la kadi za harusi alizochapiwa wiki moja kabla, akasema anataka zichapwe upya, kila kitu kibaki kama kilivyo, siku, ukumbi na saa, abadilishiwe jina la bwana harusi tu. Karani wa kaunta akadhani ni kosa la kiwanda, akamwita msoma prufu aje ajibu, naye akatoka mbio chini ya ngazi na nakala mkononi, jasho likimtoka, akasema, "Dada, tazama mwenyewe, tulichapa jina ulilotuandikia," na yule mwanamke akamtazama bila hasira yoyote akamjibu, "Hamjakosea, kaka yangu. Nyinyi mko sawa," akakaa kwenye benchi hadi kadi mpya zilipotoka, akazifunga vizuri, akaondoka, na marehemu hakumwona tena maisha yake yote.

Siku hiyo alifika nyumbani amechelewa, akasimama mlangoni hajavua hata koti, akamuuliza mkewe, "Kati ya Jumanne ile na Jumanne hii, kimetokea nini?" naye Mama Cherehani, mguu kwenye kanyagio la cherehani, akamjibu, "Kimetokea kwamba chakula kimepoa," lakini swali lilikuwa limeshaingia ndani ya nyumba na halikutoka tena, na hilo ndilo lililokuwa wazo la kitabu. Ndani ya majuma machache aliandika sura ya kwanza, mwanamke, boksi na kaunta, akamsomea mkewe, mkewe akaacha kushona, na sote tunaomfahamu mama tunajua hiyo ni sifa ya namna gani.

Basi hapo ndipo alipokwama, ndugu zangu, na alikwama kwa namna ambayo ni msoma prufu peke yake angeweza kukwama, kwa sababu kila Jumamosi mchana aliketi mezani kuanza sura ya pili, na ili apate moto alianza kwa kuipitia ya kwanza, na kwenye ya kwanza hakukosa kuona kitu, koma imekaa vibaya, neno limerudiwa, benchi limeitwa refu na hakuna aliyelipima, akasahihisha, akanakili upya ili iwe safi, akaisoma hiyo safi, akaona kitu, na jua likazama. Akaendelea hivyo mwaka baada ya mwaka, sura ikanenepa, ikakonda, ikanenepa tena, watoto wakakua wakijua kwamba Jumamosi baba hasumbuliwi, yupo na yule mwanamke wa kadi, na mwaka 1996 alipojipa moyo akampelekea mhariri mmoja wa vitabu, ikarudi na maneno mafupi, "Nzuri sana, mzee, leta zilizobaki," maneno ambayo mtu mwingine angeyafurahia, yeye akayatafakari na kuamua kwamba "nzuri sana" maana yake bado haijafika.

Kiwandani hawakumwacha. Fundi wa mashine kubwa, Mzee Wino, ambaye yupo pamoja nasi safu ya pili na familia inamsalimu, ndiye aliyembatiza jina la Sura ya Kwanza, likapokewa na kiwanda kizima, akiingia asubuhi, "Habari za leo, Sura ya Kwanza?", akitoka jioni, "Msalimie mke wa kadi!", naye akacheka nao, kwa sababu alikuwa mtu wa kucheka. Lakini tarehe 28 Machi 2008, siku ya kumuaga baada ya miaka arobaini ya kazi, watu wazima wenye mvi na familia zao, ambao makosa yao yote aliyameza kimya yasifike kwa bosi, walimzawadia kitabu kikubwa kilichojaladiwa vizuri sana kwa kitambaa cha bluu, na kwenye jalada kwa herufi za dhahabu kimeandikwa SURA YA PILI, na ndani kurasa zote ni tupu, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Familia inauliza, kwa heshima zote, ni kichekesho gani hicho, mtu anasoma maneno yenu karibu miaka arobaini ili msiaibike, na siku anayoondoka mnamwambia hana neno lake hata moja.

Alicheka pale ukumbini, akawashukuru, akarudi nyumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni, kitabu cha bluu magotini, na Mama Cherehani akamwambia, "Kesho unaanza kazi." Akamjibu, "Kazi gani, mama watoto, si nimestaafu leo?" Naye akasema, "Kazi ya kuniambia huyo mwanamke alikwenda wapi, nimeishi naye humu ndani miaka yote hii na sijui hata kama aliolewa."

Kesho yake alipoamka, sura ya kwanza haikuwepo mezani. Mkewe alikuwa ameizika chini kabisa ya sanduku la bati lililo chini ya meza yake ya kukatia, juu yake akapanga vitambaa vya wateja, akatia kufuli, na ufunguo akauning'iniza shingoni pamoja na futi yake ya kupimia, na tangu asubuhi hiyo sheria ya nyumba ikawa kwamba mzee anaandika asubuhi, mchana karatasi zinachukuliwa na kwenda sandukuni, na anabakishiwa mstari mmoja tu wa mwisho ili ajue pa kuendelea. Alilalamika sana, akasema, "Unanifunga jela," akajibiwa, "Nimefunga karatasi, wewe uko huru, andika," akasema hakuna mwandishi anayefanya kazi namna hiyo, akajibiwa, "Na mimi nikifumua ukosi kila asubuhi, mteja ataenda harusini na nini?", akajaribu kumtuma mjukuu akachungulie sandukuni, mjukuu akashikwa, na mwishowe akafungua kile kitabu cha bluu ukurasa wa kwanza, chini ya jalada lenye yale maandishi ya dhahabu, akaandika sura ya pili, na kila mchana Mama Cherehani akazikata kwa mkasi wake kurasa zilizoandikwa, zikaenda sandukuni.

Ikawa sasa akisahau jambo lazima aulize, maana hana pa kuangalia, na nyumba nzima ikazoea kusikia mzee akipaza sauti kutoka barazani, "Mama, dada wa bibi harusi ni mkubwa au mdogo?" na sauti ikijibu kutoka kwenye cherehani, "Mdogo, na ana mdomo," kwa hiyo kitabu kilikuwa kimoja lakini kilikaa kwa watu wawili, yeye alikuwa mkono na mkewe alikuwa kumbukumbu. Kwa mwendo huo wa pole pole, huku akilea wajukuu na kuwasomea majirani barua za kuombea kazi, alifika sura ya nane mwishoni mwa mwaka 2018, na kufikia hapo tulishajua kwamba bwana harusi wa kwanza alikufa kwa ajali ya lori, na kwa kuwa ukumbi ulishakodiwa, familia mbili zilikaa zikaamua ndugu yake asimame badala yake, kama vile bwana harusi ni kiti, kimoja kikivunjika unasogeza kingine, na mwanamke hakuulizwa, alitumwa tu akabadilishe kadi.

UGONJWA

Tarehe 11 Februari 2019 alianguka bafuni, akapelekwa hospitali, ikagundulika kwamba moyo wake umetanuka na unapiga kwa kuchoka, na daktari alipomwambia, "Mzee, sasa inabidi upumzike," alimuuliza kwa upole kabisa, "Nipumzike nikifanya nini, daktari?" Binti yake mkubwa, ambaye kwa kazi yake ya uuguzi alielewa zaidi ya alichosema daktari, alilia kwenye korido, kisha akaja kumwambia ukweli, naye akamshika mkono akasema hana hofu ya kwenda, ana hofu ya kwenda akiwa bado ni Sura ya Kwanza, na akawausia watoto wote kwamba akifa kabla ya mwisho wa kitabu, asitafutwe mtu wa kukimalizia, kiachwe hivyo hivyo na watu wacheke.

Na hakikuwa kinakwenda. Sura ya tisa ilikataa mwaka mzima, na wa pili, mwanamke yumo ndani ya ndoa ya mtu mwingine na hakuna kinachosogea, dawa zinamtia usingizi, mkono unachoka baada ya mistari michache, hadi asubuhi moja ya mwaka 2021 akiwa barazani na shuka magotini akauliza, "Mama, hivi yule bwana harusi wa kwanza nilimwacha wapi?" Mama Cherehani akakata uzi kwa meno, akajibu, "Yuko safarini, hajarudi." Mzee akasema, "Ahaa," na siku hiyo hiyo akaandika mtu mwenye begi akibisha hodi mlangoni kwa ndugu yake, na mwanamke akienda kufungua, na kuanzia hapo kitabu kilikimbia kama kimefunguliwa breki, sura ya kumi, ya kumi na moja, akiamka anatabasamu, akikataa chai hadi amalize aya, na tarehe 22 Mei 2022, siku ya Jumapili, majira ya saa nne asubuhi, ya kumi na nne ilikamilika, akaandika "Mwisho", akapiga mstari chini yake, akaomba apewe maziwa.

Mjukuu wake aliye chuo kikuu alikabidhiwa karatasi zote za sandukuni isipokuwa sura ya kwanza, ili azipige chapa kwenye kompyuta, na alipofika mbali kidogo alitoka mbio hadi barazani, "Babu, huyu aliyebisha hodi si ulimzika sura ya nne?" Mzee akasema haiwezekani, akatazama, ikawezekana, akageuka polepole akamtazama mkewe, na mkewe hakujificha wala hakutafuta maneno, akasema, "Ndiyo, nilikudanganya. Alikuwa mtu mzuri kuliko wote humo ndani, na ulimzika kwa mistari mitatu, ningefanyaje?" Alicheka hadi binti akaja kumpima mapigo ya moyo, na akicheka hivyo hivyo akatambua kwamba uongo ule ndio uliofungua mlango wa kitabu, akaagiza rekebisho moja tu, kwamba katika sura ya nne jeneza liletwe limefungwa na ndugu zake wakatae lisifunguliwe.

Mwezi Agosti hali ilikuwa mbaya, akalazwa, na tarehe 30 aliomba kitu kimoja, asome sura ya kwanza. Familia iligawanyika, vijana wakasema akiipata tu kitabu kimekwisha, ataanza upya, lakini Mama Cherehani alivua ufunguo shingoni, akaenda nyumbani, akafukua vitambaa, akamletea wodini ile sura aliyoisahihisha karibu miaka thelathini, pamoja na kalamu nyekundu. Aliisoma yote kwa utulivu, kalamu haijafunguliwa, na alipomaliza akaiweka juu ya shuka akasema, "Hii ndiyo mbovu kuliko zote. Haina kosa hata moja, na huyu mwanamke hapumui humu." Akaomba karatasi tupu, na Jumatano ya tarehe 31 Agosti, mchana mmoja, mito ikiwa imepangwa mgongoni na mkewe akimshikia ubao wa kuandikia, aliandika sura ya kwanza mpya, kurasa nne, mwanamke, boksi, na "hamjakosea, kaka yangu", hakurudi juu kuisoma, akampa mkewe, na mkewe akasema, "Sasa naye ameingia mlangoni."

Ijumaa ya tarehe 9 Septemba 2022, saa tisa alasiri, akiwa na mkewe na binti yake, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 74, akiacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na muswada uliokamilika wenye sura kumi na nne uitwao "Mengine Yote Yabaki", ambao una makosa, tumeyaona, na hatutayagusa hadi atakayeajiriwa kwa kazi hiyo alipwe mshahara kama alivyolipwa yeye.

SHUKRANI

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa daktari aliyekubali mwishowe kuandika kwenye faili la mgonjwa kwamba meza isiondolewe kitandani, majirani mliozima redio asubuhi kwa miaka mingi bila kuuliza kwa nini, na wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha uchapaji, na kwa namna ya pekee Mzee Wino, ambaye familia ilipanga kumsema zaidi ya hapa, lakini jana alikuja peke yake, akaomba kuuona muswada, akakaa kwenye kiti cha marehemu, akausoma hadi jioni, akauliza tu kama ataruhusiwa kusimamia mashine siku utakapochapwa, na tumekubali, kwa sharti kwamba kurasa za kitabu kile cha bluu, ambazo ndizo zilizobeba sura ya pili hadi ya tano, zibaki kwa mjane. Ahsante, Mzee Wino, kwa karatasi.

Mwisho, wale mtakaopita kumuaga mtaona karatasi chini ya mkono wake, msishangae na msizitoe, ni sura ya kwanza ile ya zamani, Mama Cherehani ameona aende nayo, maana anamfahamu kuliko sisi sote, na alipoulizwa na kamati kama jambo hilo linafaa, alisema mtu hapelekwi mbali hivyo bila kazi ya kufanya.

Lala, Babu, umemaliza, na ukishindwa kupumzika, kalamu nyekundu ipo upande wa kulia.